Mafuta Yaliyokuwa Yakiongezeka

Mwamvua mwanangu,

Hali yangu unaijua, umeniacha kizingitini sasa hivi ukaenda kusukwa nywele. Nilikuambia nina shughuli na Fundi Kasongo. Shughuli yenyewe ni hii: yeye ana kalamu, mimi nina mdomo. Alikuwa ameanza na salamu ndefu zenye nyota za mbinguni na mchanga wa ziwani, nikamwambia afute. Mtu unayelala naye kitanda kimoja humwandikii nyota. Amefuta. Amenuna, lakini amefuta.

Kesho unaondoka. Sitakuambia ule nini njiani wala hela uzifunge wapi. Umekulia sokoni Rumonge. Ukishindwa kulinda mfuko wako huko Tabora basi nilikulea bure. Sitakuambia usali, unasali kuliko mimi. Nataka kukuambia habari za gari.

Najua unacheka. Nyanya na gari! Wewe unanijua mimi ni mtu wa miguu. Mtu akitaka kunipakia bure mpaka Magara nakataa, nabeba kikapu changu naenda. Siku zote umewaambia wenzako, "Nyanya yangu gari linamtapisha." Nikakuacha useme. Halinitapishi.

Kile chuma tunachochomea samaki wa mukeke unakijua. Chembamba, kirefu, kimepinda upande wa kushikia, na karibu na ncha kina mikwaruzo miwili. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ile mikwaruzo ni ya nini, nikasema ni alama ya mhunzi. Uongo. Kile ni kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, injini ya gari. Mkwaruzo wa juu maana yake yamejaa, wa chini maana yake uko hatarini. Maisha yako yote umekula samaki waliochomwa juu ya dhambi yangu, na hukuwahi kusema wana ladha mbaya.

Gari lilikuwa kamionete, gari dogo la mizigo, rangi yake kama maji ya ndizi. Babu yako Shabani alikuwa dereva wa Mbeleji mmoja aliyekuwa ananunua mawese hapa pwani. Alimwendesha miaka mingi, Usumbura wiki hii, Nyanza-Lac wiki ijayo. Indepandansi, uhuru wetu, ilipokaribia, yule Mbeleji akafunga masanduku, na gari likabaki kwa Shabani, nusu kama mshahara na nusu kama kwaheri. Mtaa mzima ulikuja kuligusa. Wengine waliligusa kama wanavyogusa mkono wa maiti wa mtu mkubwa, kuhakikisha.

Siku yenyewe ya Indepandansi tulizunguka soko mara saba. Ngoma nyuma, watu wamening'inia kama ndizi, mama yako Zuhura amekaa katikati yetu kiti cha mbele, kigoli bado, ameshika bendera ya karatasi na meno yote nje. Watu wanaimba wametoka kifungoni. Ndipo mwanamume mmoja, mlevi wa kawaida tu, akapiga kelele kutoka pembeni: "Shabani! Sasa utafika Nyanza-Lac bila ruhusa ya muzungu!"

Wanaume wakacheka wote. Na babu yako akacheka. Nilimtazama anavyocheka. Mwanamke anajua.

Nyanza-Lac kulikuwa na mtu. Nilikuwa nimesikia, mwuza samaki, mjane, mwenye sauti nzuri, eti. Siku ile watu wote wanasherehekea kufunguliwa, mimi pale kitini niliamua kumfunga mume wangu. Usiku ule niliutoa ufunguo wa gari kwenye mfuko wa kanzu yake nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu. Ukakaa hapo miaka kumi. Akitaka gari aje kwangu, aseme anakwenda wapi.

Hakugombana. Shabani hakuwa mtu wa kugombana. Alisema tu, "Haya, askari wangu." Akanitania hivyo mpaka mwisho, askari wangu.

Kwa hiyo gari likawa gari la hapahapa. Linabeba mawese kutoka kwenye vinu vya jirani mpaka sokoni. Linabeba ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kutoka pwani mpaka sokoni. Kutoka nyumbani mpaka pwani, ukianza kuimba kaswida moja hujaimaliza umefika. Analizima, wanapakia, analiwasha, analizima tena. Miaka kumi. Watu waliniambia, "Mama Zuhura, gari lenu linatunzwa kama bibi harusi." Nikavimba.

Babu yako macho ya karibu yalianza kumwacha. Mbali anaona mtumbwi kabla ya mvuvi kuona pwani, lakini ule mstari wa mafuta kwenye kijiti haoni. Basi kazi ya kupima ikawa yangu. Kila asubuhi nakichomoa, nakifuta, nakichovya, nakichomoa tena, nasoma. Mwanangu, mimi herufi hata moja siijui. Unakumbuka ulivyojaribu kunifundisha na mkaa ukutani, nikakuambia nina kazi jikoni? Kile kijiti ndicho kitabu pekee nilichowahi kukisoma. Wanaume wakipita asubuhi wakiniona nimeinama juu ya moteri, nakunja uso kama mwalimu. "Imejaa!" nasema kwa sauti, hata kama hakuna aliyeuliza.

Na ilikuwa imejaa kweli. Ndiyo sababu nakuandikia. Madereva wengine walikuwa wanalalamika, gari linakunywa mafuta, kila mwezi lazima uongeze. Letu halinywi. Miezi inapita, mstari uko palepale. Halafu, sikiliza, mstari ukaanza kupanda. Tulikuwa hatujatia hata tone, na mafuta yamepita mkwaruzo wa juu.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri baraka. Gari limeachwa na mtu aliyeondoka bila kulaani, limebeba chakula cha watu, halijabeba pombe, Mungu ameliwekea mkono. Niliwaambia wanawake wote pwani. Tukapika pilau, tukasoma dua, Shabani amevaa kofia mpya. Mafuta yanaongezeka yenyewe! Mwanamke mmoja alikuja na chupa akaomba matone ya kupaka mgongo wa mama yake. Nikampa.

Kasongo alikuja kula pilau. Alikuwa bado kijana, ndiyo kwanza amefika kutoka ng'ambo ya Kongo, mikono yake imeshaingia weusi usiotoka. Alinawa, akala, akaomba kuona ile baraka. Akachomoa kijiti. Hakukitazama, alikinusa. Halafu akasugua mafuta kati ya vidole.

"Mama Zuhura," akasema, "hii baraka inanuka esanse." Ndivyo wanavyoita petroli.

"Pua yako inanuka esanse. Umeshinda karakana."

"Sikiya, mama. Moteri ya gari hii haipati moto. Inawaka, kabla haijapata moto inazimwa. Moteri baridi iko kama sufuria imefunikwa, inatoa jasho ndani. Maji yanashuka mu mafuta. Na esanse ile haikuungua, nayo inashuka mulemule. Mafuta yanapungua, lakini maji na esanse vinakaa pahali pake. Wewe unaona imejaa."

"Na dawa yake unauza wewe, siyo?"

"Dawa yake haiuzwi. Mwache muzee aende mbali, mara moja kwa juma. Nyanza-Lac, na kurudi. Moteri ichemke kabisa, jasho litoke. Halafu tubadilishe mafuta."

Mwamvua, alipotamka Nyanza-Lac mimi sikusikia tena kitu kingine.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna amenituma, mama. Ni moteri inasema."

"Basi iambie moteri ije iseme na mimi mwenyewe."

Watu walicheka mpaka sahani zikatikisika. Kasongo naye alicheka, lakini alipokuwa anaondoka alinisogelea akasema polepole, "Ukifungua kifuniko cha mafuta ukaona povu chini yake, kama uji wa mutoto, uniite siku hiyohiyo."

Sasa hivi ameacha kuandika. Anasema alipaswa kumwambia Shabani badala ya kuniambia mimi. Nimemwambia hii barua si yake, akitaka kulia aandike ya kwake.

Povu lilikuja masika yaliyofuata. Nilifungua kifuniko asubuhi, nikaliona, jeupe linaelekea njano, zito, kama uji wa mtoto kabisa. Nilijua. Sikudanganywa na mtu, nilijua. Na nilijua pia nikimwita Kasongo atasema nini, na Shabani atakwenda wapi kulitibu gari. Nikachukua pindo la kitenge, lilelile lenye ufunguo, nikafuta. Nikageuka nikasema, "Imejaa!"

Miaka mitatu nilifuta lile povu. Kitenge kile kilipata doa ambalo halikutoka hata kwa majivu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili.

Wewe ulikuwa hujafikisha hata miaka miwili. Babu yako alikuwa anakubeba mgongoni kama mwanamke, haoni aibu, ananiambia, "Huyu ndiye mke wangu sasa, wewe umechakaa." Ndiyo sababu nimekuita mke mwenzangu siku zote. Wewe ndiye mke mwenza pekee niliyewahi kumkubali.

Kuna waliokuja na mapanga, na baadaye kuna waliokuja na malori. Wapo watu wanaojua kupanga nani alianza na nani alimaliza, waulize wao. Mimi nasema ya kwangu. Baba yako alikuwa mwalimu. Waliita walimu kwenye mkutano. Alivaa shati lake jeupe, akaweka kalamu mfukoni, akambusu mama yako mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakurudi. Tulisikia wanaita na watu wengine, mtaa kwa mtaa. Pwani ilikuwa inalindwa na mitumbwi imevutwa juu. Mtu mmoja akasema barabara ya kusini bado inapitika, ukiwahi asubuhi utafika mpakani.

Alfajiri Shabani akanyoosha mkono. Nikafungua pindo, nikampa ufunguo. Miaka kumi, na nilimpa kama mtu anayerudisha kisu alichoazima.

"Pima mafuta, askari wangu," akasema.

Nikapima. Mstari juu kabisa. Nikafungua kifuniko. Povu. Mama yako anakufunga mgongoni, wewe unalia, mbwa wanabweka upande wa soko. Nikafuta.

"Imejaa," nikasema.

Nisikufiche, ile safari mwanzoni ilikuwa nzuri. Ni aibu kusema. Shabani alikuwa hajakanyaga barabara ndefu miaka kumi, na hata katika hofu ile nilimwona mgongo unanyooka. Anakata kona kama kijana. Mama yako akasema, "Baba, kumbe unajua kuendesha!" Akajibu, "Nilikuwa jela, mwanangu, muulize askari." Tukacheka. Wote watatu tulicheka, na wewe ukaacha kulia ukatutazama. Mara ya mwisho.

Tulipita Kigwena, tukapita msitu wake. Moteri ilikuwa imechemka sasa, kweli, mara ya kwanza. Nasikia harufu ya ajabu, kama mvuke wa sufuria, na petroli. Nikajisemea ni jasho linatoka, linapona. Nilifikiri vile, mwanangu. Nilifikiri linapona.

Halafu ikaanza kugonga. Kama mtu amefungiwa chumbani anapiga mlango. Shabani akaona taa nyekundu, akazima. Kimya. Michikichi kulia, michikichi kushoto. Akafungua kifuniko cha mbele, akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya, akanipa mimi nisome.

Hakikuwa na kitu. Hata kwenye mkwaruzo wa chini. Chuma kikavu, cha moto, kimeniunguza vidole.

"Asubuhi uliniambia imejaa."

"Ilijaa. Wallahi ilijaa."

Akanitazama. Alikuwa dereva wa miaka mingi, si mjinga. Akauliza, "Mama Zuhura, humu ndani umewahi kuona povu?"

Hapa, mwanangu. Yote niliyokwambia mpaka sasa ni njia ya kufika hapa. Kama ningesema ndiyo, angejua moteri imekwisha kuliwa zamani, kwamba hakuna cha kuongeza kitakachoisaidia. Angeliacha lile gari palepale, tungeshuka ziwani kwa miguu, sote wanne. Nimemsikia Kasongo akisema hivyo, na hata kabla hajasema nilikuwa najua. Lakini mtu akikuuliza mbele ya binti yako, ukiwa umefuta miaka mitatu, unaona aibu ya jambo dogo kuliko unavyoogopa kifo.

Nikasema, "Sijaona povu lolote."

"Basi yamevuja mahali," akasema. "Tukipata mafuta kidogo linatufikisha."

Mafuta ya moteri hakuna. Lakini ng'ambo ya michikichi ulikuwa unaonekana moshi, watu wanachemsha ngazi, zile chikichi, wanakamua mawese. Na mimi, mimi niliyekuwa natafuta njia ya kuufunika ule uongo, ndiye niliyesema: "Mafuta ni mafuta. Tutie mawese."

Shabani alicheka kidogo, akasema kwa umbali mfupi huenda yakasaidia. Mama yako akakufungua mgongoni akakutia mikononi mwangu. Akachukua bidoni, dumu la kutilia mafuta. "Nakuja sasa hivi," akasema. Alikuwa na mwendo wa haraka, kama wako. Sikumwambia hata asijikwae.

Tulisikia lori. Halafu tukasikia risasi, si barabarani, kule kwenye moshi. Babu yako akanisukuma mtaroni, kwenye majani. "Kaa na mutoto. Usitoke mpaka nikuite." Akaingia kwenye michikichi anakimbia, mzee yule.

Hajaniita mpaka leo.

Nilikaa pale mpaka kesho yake. Ulinyonya kidole changu na hukulia, na hilo pia nimekuwia deni, mke mwenzangu. Halafu nikashuka ziwani nikafuata ufuko, siku mbili, natembea kukiwa giza. Nilipofikiri nimekufa nilifika kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji, mwanamke akafungua mlango. Alinitazama, akakutazama wewe, akatazama mkononi mwangu. Nilikuwa bado nimeshika kijiti. Sikujua.

"Wewe ni wa Shabani," akasema.

Jina lake ni Tausi, yule mwuza samaki wa Nyanza-Lac. Miaka kumi sikuwahi kulitamka. Alitupa uji, akatulaza nyuma ya nyavu, akaenda kumbembeleza ndugu yake mwenye mtumbwi. Usiku wa kuvuka aliniuliza swali moja tu: "Alikuwa mzima? Tangu Indepandansi sijamwona." Nikajibu alikuwa mzima. Akaniambia, "Ulimshika vizuri." Hakusema kwa ubaya. Mpaka leo hilo ndilo neno lililonichoma kuliko matusi yote. Alilia kuliko mimi. Mimi nilikuwa sijaanza.

Kule Kigoma nilimkuta Kasongo, naye amekimbia. Ndiye aliyenieleza vizuri. "Hukuwa unapima mafuta, mama. Ulikuwa unapima maji na esanse vilivyokalia kiti cha mafuta. Gari ilipopata moto, vikaondoka. Kilichobaki ndicho kilichokuwepo siku zote." Hakuniuliza kuhusu povu. Nilimwambia mwenyewe. Alitafuta mkeka akatutandikia.

Vita ilipotulia watu walisema tubaki Kigoma. Nikarudi Rumonge, nyumba ileile, kwa sababu wakirudi watatukuta wapi? Ndiyo sababu hatujawahi kuhama, hata paa lilipovuja, hata ulipolia kwamba wenzako wanakaa karibu na shule. Ndiyo sababu sijawasomea hitima. Mtu hasomei hitima watu anaowangojea.

Na sasa la mwisho, na hili halijui mtu ila mimi na huyu anayeandika.

Barua ya shangazi yako wa Tabora, ile uliyoipokea mwezi uliopita ukaruka mpaka ukamwaga maharage, si ya kwanza. Ya kwanza ilikuja masika mawili yaliyopita. Kasongo alinisomea. Maneno yalikuwa yaleyale: umtume mtoto wa kaka yangu, nimemwombea nafasi hospitalini ajifunze ukunga, nyumba ipo, chakula kipo. Nilimwapisha Kasongo asiseme. Barua nikaitia ndani ya kopo la unga la juu, ambalo hulifikii.

Ulikuwa unakwenda posta kila Ijumaa. Unarudi unasema, "Shangazi ametusahau, nyanya." Uliacha hata kumtaja kwenye dua zako, nilisikia. Nami nikawa nakutuma pwani, sokoni, kwa jirani, pwani, na jioni nakutazama umekaa mlangoni kwangu, nasema moyoni, imejaa.

Nilifuta povu tena, Mwamvua. Baada ya yote yale. Mtu anaweza kujua na bado akafuta, hilo ndilo fundisho nililo nalo, halinipendezi lakini sina lingine. Miaka hii miwili umenisogelea, ukawa mpole, huombi kitu, watu wananisifu nimelea. Sasa nakuona tangu ile barua ya pili ije, unavyocheka, unavyonijibu kwa ukali, unavyosahau chumvi, nagundua ule upole haukuwa upole. Ulikuwa unapoa.

Kasongo anashauri barua hii tuiweke chini ya mfuko wako, uikute Tabora, hasira zipungue njiani. Nimekataa. Tabora huwezi kunipigia kelele. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kusukwa, na kopo nimelishusha, liko mezani, ile barua ya kwanza imo. Ukitaka kusema usiku mzima, sema. Ukitaka kulala kwa jirani, lala. Lakini kesho upande lile basi. Hata ukinichukia, uchukie ukiwa kitini. Na ukifika usirudi kwa ajili ya homa yangu ya kwanza nitakayokuandikia. Nitaandika, najijua. Mwulize Kasongo kwanza kama ni homa kweli.

Basi litapita pale. Msitu wa Kigwena ukiisha, michikichi inaanza pande zote mbili, barabara inapinda kidogo kuelekea ziwani. Hakuna cha kuona. Gari lilikaa miaka likiota majani, halafu watu wakalichukua kipande kwa kipande, wanasema mlango wake mmoja ni banda la kuku mahali fulani. Usimwambie dereva asimame. Fungua dirisha tu, uwaite. Shabani. Zuhura. Kwa sauti, abiria wakikushangaa waache washangae. Mimi niliambiwa nikae mpaka niitwe, na nimekaa. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda na wao walikuwa wanangoja kuitwa. Waite mara moja, usingoje jibu, na basi liendelee.

Ijumaa nitawasomea hitima. Kasongo atanunua mchele.

Kijiti sikupi, usikitafute. Ni mzigo wangu, na isitoshe samaki nitawachomea nini? Hivi sasa yuko mukeke juu yake, mkubwa, wa mwisho tutakayemla pamoja kwa sasa. Nakusikia unakuja, unacheka na yule msusi pale uchochoroni, kichwa kinakuuma na hutaki kusema. Soma kwanza. Halafu uje ule, hata ukiwa na hasira. Hasira na samaki vinakaa tumbo moja.

Kasongo anipake wino. Hiki hapa chini ni kidole changu, kilekile kilichofuta. Kitazame vizuri, sijakificha.

Nyanya yako